Siku Kutu Walipolaza Spika Kifudifudi

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha chai cha Maureen, pale barabara ya Acklam inapoelekea makaburini. Ni mbao tano juu ya miguu ya chuma, na ukikaa vibaya ule wa katikati unakufinya makalio. Hapo tunakaa wanne kila asubuhi, isipokuwa Krismasi. Kuna Sindano, ambaye mama yake alimwita Derek Pallister. Aliuza santuri sokoni Middlesbrough miaka thelathini, na mpaka leo akitaka kusema neno la muziki huinua kidole na kukishusha polepole, kama anaweka sindano kwenye sahani. Kuna Tanuru, yaani Barry Sowerby, aliyeyeyusha chuma Redcar hadi siku kiwanda kilipozimwa. Huyu ana methali kwa kila jambo, ila methali yenyewe huwa ya jambo lingine. Kuna Bi Kastadi, Doreen Featherstone, miaka themanini na minne, mpishi wa zamani wa shule ya viziwi iliyokuwa kule juu Normanby. Yeye hukaa pembeni akifuma soksi, hasemi sana. Na mimi, Tiketi, kondakta wa basi, kisha dereva wa basi. Alhamisi hiyo hatukuja kunywa chai tu. Colin Garbutt, mpiga dramu wa Kutu, bendi yetu ya panki, ule muziki wa fujo wa vijana wasiopenda wakubwa, alikuwa anazikwa saa sita mchana, na gari lake lingepita mbele yetu.

Sindano alikuja na jaketi lake la ngozi la mwaka sabini na tisa. Pande mbili za zipu zilikuwa hazijaonana siku nyingi.

— Umependeza, Tanuru akamwambia. Unafanana na kiti cha teksi.

— Cheka tu. Jaketi hili lilitemewa mate na Mick Readman mwenyewe, toka jukwaani.

— Na hujalifuta?

— Kufuta! We unafuta historia?

Maureen akatuletea chai nne, akasema leo hatuletei bili, ni kwa ajili ya Colin. Tukamshukuru. Sindano akainua kikombe, kisha akainua kidole.

— Semeni mtakavyo. Nchi hii ilikuwa na bendi za panki kama upele. Wapo waliokuwa na nguo. Wapo waliokuwa na magazeti. Kutu walikuwa na muziki.

— Walikuwa na kelele, nikasema. Nimewabeba kwenye basi langu na vyombo vyao vyote, nawajua.

— Kelele, sawa, santuri ya kwanza. Nyimbo kumi na moja, dakika ishirini na mbili, nakala mia tatu. Mia mbili themanini niliziuza mimi, mezani kwangu. Vijana watatu tu wa hapahapa. Mick anaimba na kukwaruza gitaa, Trev kwenye besi, Colin kwenye dramu. Mchana Colin anasambaza mikate, jioni anapiga vitu.

— Debe tupu haliachi kuvuma, Tanuru akasema, kwa heshima kabisa, kofia kifuani.

— Hiyo ni sifa au tusi?

— Sifa! Limevuma. Liliacha? Halikuacha.

— Haya. Lakini santuri ya pili, jamani. Santuri ya pili!

Hapo hata mimi sikumtania. Wote tunaijua santuri ya pili. Ukiiweka, mwanzoni husikii kitu, unahisi tu. Kitu kinapanda kutoka chini ya soli, kinapita magotini, kinafika tumboni, ndipo sikio linaamka na kuuliza kuna nini. Besi imekaa mbele, nzito, haina haraka. Dramu inatembea nayo bega kwa bega. Gitaa na sauti ya Mick viko nyuma huko, kama watu wanaogombana nyumba ya jirani. Hakuna aliyekuwa amepiga panki namna ile. Baada yao, nusu ya dunia ilipiga hivyo.

— Helsinki walipiga hivyo, Sindano akahesabu. Osaka walipiga hivyo. London, ambao hawaigi mtu, waliiga na kukana. Mwaka juzi kijana mmoja kaniandikia kutoka São Paulo. Anasema: mzee Pallister, na sisi tunalaza spika ya besi kifudifudi sakafuni tunaporekodi, kama Kutu. Tafadhali, tuambie kwa nini walifanya hivyo.

— Ukamjibuje?

Sindano akanywa chai. Akanywa tena.

— Nilimwambia ni siri ya kitaalamu.

— Yaani hujui.

— Najua! Nilikuwa nampima.

— Hujui, bwana. Miaka yote hiyo unajiita Sindano, kumbe pini.

Ikaanza hapo. Tanuru akaweka kikombe chini ili apate mikono yote miwili.

— Nitawaambia mimi. Ni kiwanda. Baba yake Colin alikuwa kwenye mtambo wa kunyoosha vyuma. Chuma kikipita pale, vikombe vya mtaa mzima vinacheza kabatini. Mtoto kazaliwa juu ya mtetemo ule, unadhani atapiga nini? Zeze? Walilaza spika ili ardhi ikumbuke kiwanda.

— Ardhi ikumbuke! nikasema. Ni basi langu. Namba sitini na tatu, kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini. Trev alikaa pale kila siku. Nilikuwa namwona kwenye kioo, kafumba macho, kidevu kinatetemeka. Ile besi ni injini ya basi likiwa limesimama kituoni. Niulizeni mimi niliyeliendesha.

— Kwa hiyo Osaka wanaiga basi la Middlesbrough?

— Bila kujua. Ndiyo utamu wake.

Sindano akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mganga.

— Sikilizeni sasa ukweli. Ilikuwa sheria. Walikuwa wamevunja viti arobaini kwenye ukumbi mmoja wa dansi, si ndiyo? Hakimu mmoja, simtaji, akaamuru sauti yao isielekezwe kwa binadamu. Wakakaa, wakafikiri, wakailaza spika itazame ardhini. Wametii amri, na wamemkomesha hakimu. Panki hiyo!

— Una karatasi ya hukumu?

— Iliibiwa.

— Na nani?

— Na London.

— Manowari, Tanuru akasema ghafla.

Tukamgeukia.

— Manowari ya Warusi. Ilikuwa imejificha chini kwenye mdomo wa mto Tees. Usicheke, Tiketi. Shemeji yangu alikuwa mvuvi wa kamba. Sauti ikienda chini ya ardhi inafika majini. Mick alikuwa mkomunisti kidogo, si mnajua? Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Wahenga walishasema! Sakafuni, spika. Ukingoni, mtoni.

— Hiyo chai, nikamwambia.

— Chai ninayo hapa kikombeni. Hii ni elimu.

Bi Kastadi akaweka soksi yake mapajani. Akachomeka sindano zake kwenye mpira wa uzi, moja, halafu ya pili.

— Mmemaliza?

Tukanyamaza wote watatu. Yule bibi amewahi kulisha watoto arobaini na watatu mara tatu kwa siku. Anajua kunyamazisha meza.

— Nilikuwepo, akasema.

— Ulikuwepo wapi, Bi Kastadi?

— Walipoilaza. Aliyeilaza ni Trev. Mchana, Jumamosi, mwezi wa pili, mwaka sabini na tisa. Na haikuwa hakimu wala manowari.

Sindano akafungua mdomo.

— Usinikatize, mwanangu. Miaka kumi na mitano nakaa hapa nawasikiliza. Wa chuma anasema ni chuma, wa basi anasema ni basi. Ningewaambia ilianzia kwenye jiko langu, mngecheka mpaka meno ya bandia yaingie kwenye chai. Halafu kulikuwa na ahadi. Mick alisema ikijulikana watu watadai bendi ilikwenda kuwahurumia watoto wa shule, na yeye hakuwahurumia. Akaniapisha. Mick kafa, leo Colin anakwenda, na Trev kanipigia simu jana. Amesema: sema sasa, Doreen, kabla hatujaisha wote.

Akatuhadithia, na mimi naipeleka kwenu kama alivyoileta.

Colin alikuwa anapeleka mikate pale shuleni kila asubuhi. Akishusha makreti, anasubiri Bi Kastadi atie sahihi, na mikono yake haiwezi kutulia. Anapiga meza kubwa ya bati ya jikoni, vidole, viganja, vifundo. Asubuhi moja alikuwepo msichana wa miaka kumi na miwili, Yvonne, amekuja kuomba maji. Akapita kando ya meza, akasimama. Akaweka viganja vyake juu ya bati, akaviacha pale. Colin akaacha kupiga. Yule mtoto akamtazama usoni kwa hasira, akapiga meza mara moja. Endelea!

— Kesho yake walikuja watano, Bi Kastadi akasema. Kesho kutwa, kumi. Wanazunguka meza yangu na viganja chini kama wanaota moto. Colin akawa anafika nusu saa kabla. Mikate ya watu wa Eston ikachelewa mwezi mzima, na hakuna aliyejua kwa nini.

— Mama yangu aliilalamikia ile mikate! Tanuru akasema.

— Alilalamika haki yake. Sasa, mjue shule ilikuwaje. Enzi hizo mtoto kiziwi alitakiwa aseme kwa mdomo. Asome midomo, atoe sauti, afanane na wanaosikia. Mikono marufuku darasani. Ukikamatwa unazungumza kwa mikono, unaikalia. Kitako juu ya mikono yako, kipindi kizima. Bwana Harker, mwalimu mkuu, hakuwa mkatili. Aliamini kabisa anawaokoa. Jikoni kwangu ndiko walikokuja kuongea. Mimi nimejifunza lugha ya alama kutoka kwa watoto, huku natoa maganda ya viazi.

— Sikio la kufa… Tanuru akaanza.

— Barry.

— Samahani, mama.

— Basi ndio wakavunja hivyo viti. Kila ukumbi ukafunga mlango. Colin akaja na mikate, akakaa juu ya kreti, uso chini. Ananiambia: tumekwisha, Doreen, hakuna anayetaka kutusikia. Nami nikajibu kwa utani tu: ninao arobaini na watatu ambao hawatalalamikia kelele. Nikacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa anaitazama meza.

— Na Bwana Harker akakubali? nikauliza.

— Nilimwambia kuna vijana wa midundo, watawasaidia watoto kwenye masomo ya kutamka. Sikudanganya. Sikusema tu nywele zao zina rangi gani.

Walifika saa nane mchana, nywele za Mick kijani, zimesimamishwa kwa maji ya sukari mpaka nyuki wangemfuata kama si baridi. Bi Kastadi akamsimamisha mlangoni. Akamwambia: ukitema mate kwenye sakafu ya watoto, utaipiga deki wewe, na ndoo ni hii. Mick akasema ndiyo, mama. Ukumbi ulikuwa ule wa mazoezi ya viungo, sakafu ya mbao juu ya uwazi. Na kwa kuwa Bi Kastadi alikuwa amesikia mahali kwamba puto hushika mtetemo, alikwenda stoo akachukua maputo yaliyobaki kwenye jubilei ya Malkia, miaka miwili nyuma. Mekundu, meupe, ya bluu. Akampa kila mtoto moja alikumbatie.

— Kutu walipiga mbele ya maputo ya Malkia? Sindano akauliza.

— Walipiga. Na ilikuwa aibu.

— Aibu?

— Walipiga kama walivyozoea. Mbio, gitaa juu, Mick anaruka kama kakanyaga msumari. Na wale watoto wamekaa. Wanatazama kwa adabu. Umewahi kutazamwa kwa adabu na watoto arobaini na watatu? Mick alikuwa amezoea kutupiwa chupa. Chupa alizijua. Hii hakuijua. Wimbo ukaisha, kimya, mtoto mmoja akapiga mwayo. Mick akageuka kwa wenzake, na nikaona midomo inatetemeka. Ishirini na moja, miaka yake. Nilitaka nimpe biskuti.

Hapo ndipo Trev, aliyekuwa hajasema neno tangu ashuke garini, aliweka besi yake chini, akaikamata ile spika kubwa kama friji, akaiangusha polepole ikalala uso chini, juu ya mbao. Akavuta uzi mmoja tu.

— Hamkuona ile sakafu, Bi Kastadi akasema. Mimi nilikuwa nimejaza pamba masikioni tangu mwanzo, lakini niliihisi kwenye fizi. Yvonne aliruka kama kachomwa. Akavua viatu, akavirusha. Wote wakavua. Wengine wakalala chali, wengine wakabana maputo na mashavu. Trev akavuta uzi tena. Colin akatazama miguu ya watoto, akaacha mbio zake, akaanza kupiga taratibu, akiwafuata. Wakilegea anaongeza, wakizidisha anapunguza. Nawaambia, wale watoto ndio waliopiga siku ile. Bendi ilijibu tu.

— Na Mick?

— Mick alisimama nyuma na gitaa lake, na mara ya kwanza maishani mwake alisubiri zamu yake. Wimbo ukaisha. Watoto wakainuka, mikono yote juu, vidole viwili vinatikiswa mbele ya uso wake.

— Lile tusi letu la vidole viwili! nikasema.

— Naye akadhani ni lile tusi. Alifurahi sana! Ananiita: Doreen, Doreen, wananitukana wote! Nikamwambia hapana, mwanangu. Hiyo ni alama. Wanasema "tena".

Sindano alikuwa amegeuka upande wa barabara. Alikuwa anajifuta machozi kwa mkono wa lile jaketi, kwenye historia yenyewe.

— Wakapiga tena?

— Wimbo ule ule, mara tisa. Na kila ukiisha, watoto wanaongea, kwa mikono, mbele ya walimu, mbele ya Bwana Harker. Yeye amesimama mlangoni, anataka kuwaambia washushe mikono, lakini amwambie nani? Hakuna aliyekuwa anautazama mdomo wake.

Ningependa kusema mambo yaliishia pale pazuri. Hayakuishia. Jumatatu asubuhi Yvonne alikuwa bado anasimulia, mikono inapaa, na mwalimu akamkamata. Bwana Harker akaitwa. Akamwamuru aikalie mikono yake mbele ya darasa. Akaikalia. Bi Kastadi alikuwa jikoni, kastadi ya mchana, ule uji mtamu wa maziwa, iko motoni inachemka, akaona uso wa kastadi unatikisika. Mviringo, mviringo mwingine. Akaizima gesi, bado inatikisika. Darasa zima la Yvonne lilikuwa limeanza kupiga sakafu kwa miguu. Taratibu, wote pamoja. Wala hawakuwa wamekubaliana. Chumba cha pili kikahisi, kikajiunga. Kisha cha juu.

— Walipiga mpaka nini?

— Mpaka yule mtoto alipotoa mikono. Wakaacha hapohapo, kama umezima taa. Kesho yake mwingine akaamriwa aikalie mikono, miguu ikaanza tena. Wiki mbili hivyo. Walimu hawakuweza kufundisha, chokaa inadondoka kwenye dari. Bwana Harker hakuibadilisha ile sheria, aliona haya. Lakini ilipofika Pasaka hakuna mwalimu aliyekuwa anaona mikono ya mtu. Mimi nikaandikiwa barua ya onyo. Ninayo bado, iko kwenye droo ya vijiko.

— Na bendi?

— Wiki tatu baadaye wakaenda kurekodi. Trev akaingia na spika, akailaza. Fundi wa studio akamwambia umeiangusha. Trev akamjibu, hapana. Ndiyo habari yote.

Basi likasimama kituoni, nami nikaisoma namba yake kwa mazoea. Sindano ndiye aliyeanza.

— Kwenye jalada, nyuma, chini kabisa, kumeandikwa: "Laza spika kifudifudi. Vua viatu." Nimewauzia watu santuri ile miaka thelathini. Nilikuwa nawaambia, hiyo ya viatu ni mzaha wa panki.

— Hukuvua?

— Sijawahi kuvua.

— Mficha uchi hazai, Tanuru akasema, na ajabu ni kwamba ilikaribia kufaa.

Kituo kiko hatua ishirini kutoka benchi letu. Lile basi lilikuwa limemshusha mwanamke mmoja, karibu miaka sitini, koti la bluu, shada la maua meupe mkononi. Alitazama kibanda, akatutazama sisi, akamwona Bi Kastadi. Akampa Tanuru maua kama anampa mtumishi, bila kumtazama, kwa sababu mikono alikuwa anaihitaji. Na Bi Kastadi akainuka, yule bibi ambaye huinuliwa na watu wawili. Vidole vyake vya kufumia vikaanza kwenda. Walizungumza hivyo kwa muda, mara wanacheka, mara wanashikana mashavu, kisha Bi Kastadi akatugeukia.

— Huyu ni Yvonne. Ametoka Hull. Ana watoto wanne na wajukuu saba, amefundisha shule ya viziwi miaka thelathini na moja, na hakuna mtoto aliyeikalia mikono yake darasani kwake.

Tukasimama wote kumsalimu. Tanuru alijaribu kuvua kofia akiwa na maua, akavua maua. Sindano hakujua afanye nini na mikono yake mwenyewe. Mwisho akaonyesha jaketi, akaonyesha mdomo, akafanya kama anatema mate. Yvonne akaelewa. Akalishika lile jaketi mahali penyewe, kwa kidole, akaitikia kwa kichwa taratibu.

Saa sita na dakika kumi wakapita. Hakukuwa na gari jeusi. Lilikuwa gari la mikate, lile la kampuni ya mjomba wake Colin, limeoshwa linang'aa, na jeneza ndani mahali pa makreti. Trev, mzee mwembamba mwenye koti la baharini, alikaa mbele na dereva. Amekuja kutoka Norway. Alipofika mbele ya benchi akamwambia dereva apunguze. Akashusha kioo. Akamwona Yvonne, akainua vidole viwili, akavitikisa. Yvonne akamjibu vilevile. Mama mmoja aliyekuwa akivuka barabara na kigari cha mtoto alikasirika sana.

Gari likapinda, likapanda kuelekea makaburini. Maureen alikuwa ametoka kibandani na taulo lake, analia waziwazi. Sisi tukakohoa, kama wanaume wa huku wanavyolia.

Ndipo Yvonne akamgusa Bi Kastadi begani na kumuuliza kitu. Bi Kastadi akafikiri. Akatugeukia.

— Anauliza ule wimbo. Ule waliopiga mara tisa. Anaujua wote kwa miguu, amewafundisha wajukuu. Anasema amewahi kusoma kwamba Mick alikuwa anaimba maneno. Maneno yenyewe yalikuwa yanasema nini?

— Rahisi! Sindano akasema, kidole juu. Unaanza hivi: "Asubuhi haina mwenyewe…"

— Wapi! Tanuru akadakia. "Kasuku ana mwenyewe." Kasuku! Ni wimbo wa ndege kwenye tundu.

— Ndege gani? nikasema. Siku zote anaimba "Nasubiri peke yangu." Ni wa kituo cha basi.

— We Tiketi, neno "kituo" limo wapi?

— Liko kwenye kiitikio.

— Kiitikio ni "Moto, moto, moto"!

— Ni "Toto"!

— Jalada halikuandika? Bi Kastadi akauliza.

— Halikuandika, Sindano akakiri. Mick alikataa. Na Trev alisema redioni kwamba yeye alidhani ni habari za mbwa. Wewe ulikuwepo, Bi Kastadi, ulisikia nini?

— Nilikuwa na pamba, mwanangu.

Akamgeukia Yvonne, akafungua viganja vyake vitupu. Yvonne akatutazama mmoja mmoja, kwa makini ya mtu aliyezoea kusoma nyuso. Akauliza jambo fupi. Bi Kastadi akajibu kwa kuinamisha kichwa. Yvonne akaanza kutabasamu, akauliza tena, mikono ikienda polepole ili tuone kwamba anatuuliza sisi.

— Anasema, Bi Kastadi akatafsiri, miaka arobaini na zaidi mnaipenda bendi hii na kuigombania hapa kila siku. Na masikio mnayo.

— Ndiyo, Sindano akasema.

— Anauliza: sasa mlikuwa mnasikiliza nini?

Sindano akainua kidole. Kikakaa hewani, kikakosa pa kushuka. Tanuru akatafuta methali, nikamwona kabisa anaitafuta, midomo inasogea. Mimi nikatazama ndani ya kikombe changu.

Chai ilikuwa imekwisha.